Kimya cha Kinanda cha Kathuri

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Hatimaye kazi ya saizi yangu! Redio sijaona tangu Mei. Ya mwisho kuletwa hapa kibandani kwangu, mtaani Majimbo, Embu, ilikuwa ya marehemu fulani, na wenyewe hawakutaka hata niitengeneze. Walitaka niwatolee betri waweke kwa rimoti. Siku hizi kitu kikikohoa mara moja kinatupwa. Wakati mwingine naogopa kukohoa mbele ya mke wangu Makandi.

Saa nne hivi akaingia Regina, mke wa Kathuri, kutoka Kanja. Niandike Kathuri ni nani, maana daftari hili litakuja kusomwa na watu wakubwa. Kathuri ndiye aliyenikuta juu ya mti wa miraa kule Mikinduri mwaka wa tisini na saba, akapaaza sauti kuniuliza kama naweza kubeba spika. Alikuwa na bendi. Hakuna hoteli kati ya Meru na Embu ambayo bendi hiyo haikupiga. Mimi nilikuwa Mkurugenzi wa Sauti. (Nilibeba spika. Lakini sauti hutoka wapi, kama si kwa spika?) Ni yeye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu. Yote ninayojua ni yake, ukitoa yale ya Doha.

Tangu Machi Kathuri ana kiharusi. Upande wa kulia umelala, na neno halijatoka kinywani mwake hata moja. Hospitalini alipewa mpira wa kufinyafinya na huo mkono wa kulia. Anaurushia kuku kwa ule wa kushoto. Daktari amesema vidole vifanye kazi miezi hii, la sivyo vitajikunja ngumi na kubaki hivyo. Regina anasema kitu pekee ambacho mzee hukitazama ni kinanda chake cha zamani, kile cha Kijapani chenye nobu nyingi za kuzungusha. Amekichomeka kwa stima. Taa zinawaka. Sauti hakuna. Jumamosi ya tarehe kumi na sita kuna maombi ya shukrani nyumbani, na anataka mumewe aweke mkono pale siku hiyo.

Nikamwambia Ijumaa hii kinanda kitakuwa kinaimba. Akauliza kama nimewahi kutengeneza cha namna hiyo. Nikamwambia kule Doha nilitengeneza vikubwa kuliko nyumba yake. (Doha nililinda stoo ya mashine za kupoza hewa. Nilizisikiliza miezi minane. Fundi ni masikio.) Malipo nimekataa. Kwa Kathuri siwezi kuchukua hata chai.

Akitoka akasema alikuwa amewaza pia kumuuliza Suhail.

Suhail!

Jumanne, 5 Agosti

Kanja, kuchukua kinanda. Kathuri amekuwa mdogo. Mtu aliyekuwa akijaza mlango! Nililia kidogo. Nikamwambia Regina ni kitunguu. Akasema hajakata kitunguu.

Mzee alinitambua. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha kinanda, akawa anazungusha vidole hewani, huku akinguruma. Nilimwelewa mara moja. Anasema nikifungue. Nikamhakikishia nitafungua chote, hata skrubu moja sitaacha. Akatikisa kichwa kwa nguvu, kushoto kulia, kushoto kulia. Furaha ya mgonjwa ni kitu kikubwa.

Kinanda kina uzito ule ule wa zamani, ila mgongo wangu si ule.

Nikiteremsha mzigo kibandani, nani huyo anavuka barabara? Suhail, mtoto wa Rashid mwenye buchari. Babake ni mtu wa heshima, hupunja nyama kidogo sana. Huyu kijana ana diploma na duka lenye mlango wa kioo, hapo tu mbele yangu, na huniita "mzee wangu". Nina miaka arubaini na minane! Akazunguka kinanda mara mbili kama anakagua ng'ombe wa mnada. Akasema ni mali, akanishauri nijaribu kila kitu cha nje kwanza kabla ya kukifungua. Nikamwambia shukrani sana daktari, nenda ukabadilishe vioo vya simu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefungua. Skrubu arubaini na moja. Nimeziweka kwa sufuria ya Makandi.

Ndani ni kuzuri kama mji. Kuna vibao sita vimesimama kwa mstari, vyote sawa. Kila kibao kina sauti yake. Ni kama kwaya ya watu sita wanaopokezana. Ukibonyeza mara ya kwanza anaimba wa kwanza, mara ya pili wa pili, hadi wa sita, halafu wanarudi kwa wa kwanza. Hii aliwahi kunieleza Kathuri mwenyewe, tukingoja spika zikauke mvua.

Nimepima fyuzi. Nzima. Stima inafika. Waya zote ziko sawa. Hakuna kilichoungua. Hili ndilo baya zaidi. Mgonjwa asiyeumwa na chochote, utamtibu nini?

Nobu za juu sijazigusa. Ziko ishirini na sita. Sheria ya bendi ilikuwa moja tu: usiguse nobu za Kathuri. Ngari, mpiga ngoma, aligusa moja mwaka wa tisini na tisa tukiwa Runyenjes, akarudi nyumbani kwa miguu. Kwa hivyo nimezifunga zote kwa selotepu, zibaki vile alivyoziacha mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima. Suhail hawezi kuwa nayo, hawakumfundisha diploma ya heshima.

Makandi amepika maharagwe kwa ile sufuria bila kuuliza. Akauma skrubu. Akaniambia, "Baba Kinya, nikivunjika jino utalilehemu pia?" Nilihesabu skrubu upya. Zimebaki arubaini.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku niliyoahidi. Nimempigia Regina nikamwambia kinanda kimelazwa kwa uchunguzi zaidi. Hospitali hutumia maneno hayo hayo na hakuna anayelalamika.

Suhail amepita mara tatu. Mara ya tatu akauliza kama nahitaji mkono. Nikamwambia ninayo miwili.

Lakini sasa sikia akili. Binamu yangu Mutwiri ni mtunza kanisa huko Mikinduri. Nimempigia, akasema stoo yao ina kinanda cha zamani, cha wazungu, kimekaa hapo tangu zamani. Mpango: nachomoa vile vibao sita, naenda navyo Mikinduri, navijaribu mle ndani kimoja kimoja. Kilicho kibovu kitajulikana. Na kama cha kanisa kina vibao vizuri, basi Mungu ni mmoja na kanisa litaelewa.

Suhail atadhani nimeenda matanga.

Jumamosi, 9 Agosti

Mikinduri. Kinanda cha kanisa ni cha kukanyaga kwa miguu! Hakina hata waya. Kina panya. Nikamuuliza Mutwiri kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baite, ndugu yangu, wewe uliuliza kinanda. Stima hukuuliza." Kisha akanialika chakula kana kwamba tumefanikiwa.

Lakini safari haikuwa bure, maana nimegundua jambo. Vibao vya umeme vinaogopa nini? Joto. Kule Doha mashine zote zilipozwa. Sasa, ni kitu gani kinapozwa vizuri kuliko vyote katika Kenya hii? Miraa! Inavunwa Mikinduri inafika Mogadishu ikiwa laini. Kwa sababu gani? Jani la mgomba. Sikuzaliwa hapa bure. Nimefunga kila kibao kwa jani bichi, nikakunja kingo, nikakaza kwa kamba ya mgomba, nikaviunganisha vyote kuwa bunda moja. Akina mama wa sokoni walisimama kunitazama. Mmoja akauliza hiyo ni gredi gani. Nikamwambia hii haitafunwi.

Nimerudi kwa pikapu ya miraa inayoshuka Nairobi. Bunda langu likawekwa nyuma pamoja na mengine, chini ya turubai. Mimi mbele, nikimweleza dereva mambo ya dunia.

Karibu na Chuka tulisimama. Kijana mpakiaji aliyepanda nyuma akashuka na jerikeni, akafunua turubai, akanyunyizia mabunda yote maji, moja baada ya jingine, taratibu, bila kuruka hata moja, jinsi inavyofanywa siku zote ili miraa isikauke. Nilimwona kwa kioo. Nikamwambia dereva, huyo kijana anajua kazi.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana sikuandika.

Nilipofungua majani yale, maji yalimwagika kama nimefungua dafu. Nilikaa chini dakika kadhaa. Halafu nikaamka, maana fundi hakai chini.

Nimeanika vibao juu ya mabati. Lakini hii ni Embu, ni Agosti, jua tuliliona mara ya mwisho Juni. Manyunyu yakaja. Nikaviteremsha, nikavipanga kwa kikaango cha chapati juu ya jiko, moto wa chini kabisa. Nilikuwa navigeuza. Makandi akaingia, akatazama kikaango, akanitazama mimi, akauliza kama aniongezee mafuta. Mwanamke huyu alipewa ulimi wa watu wawili.

Vimekauka. Nimevirudisha ndani, nimewasha. Kimya!

Sasa nifikiri kama msomi. Kabla ya maji kilikuwa kimya. Baada ya maji ni kimya. Kwa hivyo maji hayajaharibu chochote. Nimepata nafuu moyoni. Regina amepiga, ameuliza kama Jumamosi itakuwa. Nimemwambia hata mapema. Akasema mzee ameacha kuutazama ule mpira kabisa, na kidole kidogo kimeanza kujikunja. Amesema polepole, kama mtu anayetaja bei asiyoiweza.

Nimesema itakuwa. Itakuwa na nini, sijui.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya aibu.

Makandi alivuka barabara. Mke wangu wa ndoa, mbele ya watu wote wa Majimbo, amevuka barabara akaingia ule mlango wa kioo! Suhail akaja na kibegi chake. Akasema, "Shikamoo mzee wangu." Nilikunja mikono nikakaa kwa stuli, nikasema siongei.

Alichomoa vibao vyote, akavisugua kwa mswaki na spirit, akavipuliza kwa ile mashine ya kukausha nywele ya saluni ya Zuleka. Saa mbili nzima. Hakupiga gumzo, hakupiga hata mluzi. Utawezaje kumwamini fundi asiyeongea? Akavirudisha. Akawasha. Kimya. Moyoni nikasema, karibu chamani.

Kisha akatoa selotepu yangu. Nikaruka. Nikamwambia hizo haziguswi! Akasema samahani mzee wangu, na huku anasema samahani, akazungusha nobu moja, akabonyeza.

Kinanda kilipiga kelele! Majimbo nzima ilisikia. Ilikuwa sauti ile ile, yenye pua kidogo, ya kule hotelini Meru, watu wakiwa wamevua makoti. Nililia. Makandi akanipa kitambaa, hakusema kitu, na hilo lilinitia hofu zaidi.

Suhail akauliza taratibu kama ile nobu ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Nikasema iko vile Kathuri mwenyewe aliiacha. Akasema nobu hiyo inafunga sauti yote, kama bomba la maji, na ilikuwa imefungwa mpaka mwisho. Kinanda hakikuwa na ugonjwa.

Hapo nikakumbuka. Kila tukimaliza kupiga, Kathuri alikuwa anainama juu ya kinanda, anazungusha kitu, ndipo anasema tupakie. Na kesho yake mtu yeyote akikijaribu, hakitoi sauti hadi mwenyewe afike. Alikuwa anakifunga! Miaka yote nilikibeba nikidhani kimechoka kama sisi. Na juzijuzi, pale Kanja, alizungusha vidole akinionyesha. Akatikisa kichwa.

Sijamaliza. Suhail akabonyeza vidude vya kupigia, kimoja kimoja. Sauti. Sauti. Sauti. Sauti. Halafu hakuna. Halafu hakuna. Halafu sauti tena. Wanne wanaimba, wawili wamezama. Anasema vile vibao vya ndani havitengenezwi tena, atatafuta kwa watu wa mbali, pengine itachukua miezi. Akauliza maji yaliingiaje. Nikasema mvua. Akavuta kitu katikati ya waya kwa kibano, akakiweka juu ya meza mbele yangu. Kipande cha jani la mgomba. Hakusema lolote. Adabu ya namna hiyo naichukia sana.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia Suhail hii habari ya sauti mbili nitampa Regina mimi mwenyewe, ni kazi yangu, ni rafiki yangu. Akakubali.

Nimepeleka kinanda Kanja. Regina akasimama kando, mikono kifuani, akauliza kama kimepona. Nikabonyeza vidude vinne, haraka, vizuri. Nikainamisha kichwa kama wapiga muziki wa wazungu. Akanikumbatia. Ananukia moshi na dawa ya kuchua.

Mtu akikukumbatia utamwambiaje habari ya jani?

Nne kwa sita ni asilimia ngapi? Shuleni nilifukuzwa kabla hatujafika asilimia. Lakini najua wengi walipita kwa chini ya hapo, na sasa ni maafisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Maombi. Hema mbili, viti vya kukodi, mukimo, nyama, watu wa kanisa na ukoo wote. Kathuri kwa kiti chake, shati jeupe, blanketi magotini. Kinanda mbele yake kimefunikwa kitambaa cha kushonwa.

Mchungaji alinipa kipaza sauti niseme maneno mawili. Nilisema dakika ishirini. Nilianza na Mikinduri, nikapitia Doha, nikashuka polepole. Nikawaambia mafundi wenye vioo wapo, lakini masikio hayauzwi. Nikamaliza nikisema, kinanda kimepona, sasa ni zamu ya mwenye kinanda! Wakapiga makofi. Suhail alikuwa amesimama karibu na masufuria. Hakupiga.

Regina akafunua kitambaa, akazungusha ile nobu nilivyomwonyesha, akainua mkono wa kulia wa mumewe, akauweka pale. Jasho lilimtoka Kathuri usoni, Agosti hii ya baridi. Kidole kikatetemeka, kikashuka.

Sauti!

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee hakuwasikia. Kidole cha pili. Sauti. Cha tatu. Cha nne. Nilimwona akivuta pumzi kama zamani, kabla ya kuingia wimbo.

Akabonyeza tena. Hakuna.

Akabonyeza nyingine. Hakuna.

Hakutazama kinanda. Alitazama kidole chake. Akaanza upya, taratibu zaidi, anakandamiza kwa bega zima. Nne zikaja. Ya tano, hakuna. Ya sita, hakuna. Watu walipiga makofi tu, hawakujua. Yeye alichukua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu anayeokota kitu kilichokufa, akauficha chini ya blanketi.

Nilijua anawaza nini. Anadhani ni kidole. Anadhani amebonyeza na kidole kimekataa.

Kipaza sauti bado nilikuwa nimekishika. Watu wote walikuwa wananitazama.

Nikatangaza chakula kiko tayari.

Jumapili, 17 Agosti

Sikuenda kanisani. Nimesema mgongo.

Regina amepiga. Mkono haujatoka chini ya blanketi tangu jana. Uji amekataa. Akijaribu kumnyoosha vidole, mzee anageukia ukutani. Halafu akasema, "Lakini asante, fundi. Wewe ulifanya yako. Yaliyobaki ni mapenzi ya Mungu."

Ananishukuru! Bora angenitukana. Nimezoea.

Makandi ameuliza kwa nini sili. Nimesema chakula kina skrubu.

Jumatatu, 18 Agosti

Suhail amekuja kibandani, amebaki kusimama mlangoni. Anasema kesho asubuhi ataenda Kanja, amwambie mzee uso kwa uso kwamba mkono wake hauna kosa, ni vibao viwili. Nikauliza atasema ni nani aliyeviharibu. Akasema atasema ni unyevu tu, mzee wangu, usijali, jina lako halitakuwa hapo.

Unyevu! Kumbe ndiyo hivyo! Aingie na kibegi chake, amfufue Kathuri kwa neno moja, wote wamshike mkono, na mimi niitwe unyevu! Kosa ni langu. Nililifanya kwa mikono yangu na majani ya kwetu. Halafu aje mtu wa diploma kuliungama kwa niaba yangu? Hapana. Nitafika kabla hajafungua kile kioo.

Na kuna jambo jingine. Mara ya kwanza nilipochoma waya, mkono ulinitetemeka, nikaunguza kibao cha amplifaya ya bendi, usiku wa shoo. Kathuri aliwaambia wenye hoteli kwamba ni yeye. Akanishika vidole, akaniongoza. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nimeliandika hapa, basi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefika wa kwanza. Nilimkuta Kathuri ameangalia ukuta. Sikukaa. Nikauambia mgongo wake yote: selotepu, kinanda cha kukanyaga, majani ya mgomba, jerikeni, kikaango. Kipaza sauti pia. Kwa vile nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na stoo ya Doha. Regina alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Sikuthubutu kumtazama.

Nikawasha kinanda. Nikabonyeza kwa kidole changu mwenyewe, kizima, cha kubeba spika. Nne. Hakuna. Hakuna. Nikamwambia, unaona? Hata mimi. Nikamwita Regina abonyeze. Nne. Hakuna. Hakuna. Nikasema, mkono wako ni mzima kuliko kinanda, mzee.

Akageuka. Ilichukua muda mrefu. Blanketi likasogea, mkono ukatoka, vidole vimejikunja kama vya mtoto mchanga. Regina akavinyoosha, akamwachia mzee mwenyewe. Akabonyeza. Nne. Zile mbili za kimya akazipita upesiupesi, tap tap, akaendelea. Nne tena. Akarudia. Mwishoni alikuwa anaziruka kama mtu anayeruka mashimo ya barabara anayoijua. Zile nyimbo za zamani zilikuwa mle ndani, zimetobolewatobolewa.

Kisha akanitazama mimi. Mdomo ukaanza kupigana. Mshipa wa shingo ukasimama. Miezi mitano! Regina akasema, Baba, pole pole. Na neno likatoka:

"Ng'ombe."

Wazi kabisa! Kikombe kikamwanguka Regina. Kathuri akameza mate, akarudia, "Ng'ombe!" Macho mekundu, na machozi, na kidole cha kushoto kinanionyesha mimi, halafu mlango.

Mlangoni alikuwa amesimama Suhail na kibegi. Kathuri akampa mkono wa kumsalimia.

Mimi nilisimama kidogo, kama ataniita. Hakuniita.

Regina alinisindikiza hadi pale sebuleni, anacheka na analia pamoja. Akasema mkono umetoka, neno limetoka, Mungu apewe sifa. Halafu uso ukabadilika. Akasema, fundi, tafadhali usirudi hapa hadi tukuite. Presha yake haiwezi kukuvumilia. Na usiguse tena kitu chochote cha nyumba hii, nakuomba kama ndugu. Akarudi ndani mbio, maana mzee alikuwa anasema lile neno tena.

Nilitembea hadi barabarani peke yangu. Nyuma nilisikia kinanda.

Jumatano, 20 Agosti

Leo nimekaa nikapima mambo kwa utulivu, bila hasira. Ukweli ni huu. Hospitali walishindwa miezi mitano. Mimi, Riungu, wa darasa la tano tu, nimempa mgonjwa neno kamili kwa robo saa. Tena bila sindano. Chini ya maandishi ya kibanda, pale pameandikwa REDIO, TV, AMPLIFAYA, nimeongeza kwa rangi: NA KIHARUSI. Makandi amefuta kwa kitambaa cha mezani. Anaogopa foleni.

Suhail ataenda Kanja mara tatu kwa wiki kumsaidia mazoezi. Amesema leo asubuhi Kathuri amefikisha maneno matatu, na mawili yananihusu. Nimeuliza ni yapi. Akasema mzee wangu, wacha tu. Nimecheka. Alipovuka barabara nikafunga kibanda kidogo, nikakaa gizani na harufu ya kulehemu. Mtu aliyekutoa juu ya mti! Hata salamu hakutuma.

Lakini kinyongo mimi sina. Jana pale sebuleni, Regina alipokimbia ndani, niliona mashine ya kumpimia Kathuri presha iko mezani. Niliisikia wakiitumia siku ile ya maombi. Inavuma kama nyuki. Mashine ya mgonjwa haifai kuvuma, itampandisha presha hiyo hiyo inayoipima. Inafanya kazi, ndiyo, lakini inafanya kazi kwa kelele. Na hakuna mtu katika nyumba ile anayesikia mambo ya ndani kama mimi. Nikaiingiza chini ya koti.

Nimeifungua leo. Ndani kuna bomba dogo la mpira na kamota. Nimeshaitoa ile kamota. Bure, kama kawaida yangu, malipo sitaki.

Regina amepiga simu mara tisa tangu asubuhi. Bila shaka ni shukrani. Nitapokea kazi ikiisha.